Mstari wa Kishapu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Saa saba mchana, jua la Shinyanga likichoma mabati, ofisi ya kumbukumbu za zahanati ikanuka udongo mbichi, kama duara, shimo la wachimba dhahabu, limefunguliwa chini ya sakafu. Mama Boaz wa mapokezi alikuwa ameandika namba ya kadi ya Ndaki, mama wa Kishapu aliyesimama dirishani. Kompyuta ikajibu: mchimbaji, Geita, amefukiwa.

Lusia, mwandishi wa programu ya zahanati, alijua kosa papo hapo. Majina ya wagonjwa yalikaa katika hifadhidata mbili, ya Shinyanga na ya Geita, na namba zilifanana. Programu yake ndiyo iliyopeleka kila ombi kwenye hifadhidata inayohusika, naye alisahau kuandika mstari wa kuyapeleka ya Kishapu Shinyanga. Sasa maombi yote ya Kishapu yalikwenda kuwagongea wafu wa Geita.

Kuuandika mstari ule ni kazi ya dakika moja. Lakini kila sahihisho hubaki na jina la aliyelifanya, na tarehe. Kwa hiyo bosi aliposema Mama Boaz ndiye aliyekosea namba, na asirudi tena, Lusia aliinamia kibodi. Mama Boaz, aliyewahi kumbebea Lusia mwanawe mgongoni wakati wa homa, akajifunga kanga yake na kuondoka.

Siku ya tatu wafanyakazi wakasikia sululu chini ya sakafu, ko, ko, ko, ikipanda taratibu kila namba ya Kishapu ilipoandikwa, na ile harufu ikaingia kwenye chai na kwenye nguo na kwenye mate ya mtu akimeza, mpaka hakuna aliyethubutu kugusa kibodi. Bosi akamwita Mzee Maduhu, mganga wa Didia. Mzee akafukiza ubani, akatega sikio sakafuni.

"Ni jini la duara," akanong'ona. "Halikuja kwa ubaya. Limegongewa, limeitika. Aliyeligongea aseme tu, litarudi kwao."

Lusia akafungua mdomo.

"Ni yule wa mapokezi, babu. Ameshaondoka."

Mzee akamtazama, kisha akafunga mkoba wake.

"Haya, mjukuu wangu. Limekusikia."

Kesho yake harufu haikuwapo. Lusia akafungua programu ili auandike mstari ule kimya kimya. Ulikwisha kuandikwa. Kando yake palikuwa na jina lake, na tarehe ya siku aliyofukuzwa Mama Boaz.

Nyuma ya kiti chake bosi alikuwa amesimama, akisoma.

Lusia akavuta mikono aifiche mapajani. Chini ya kucha zake udongo mwekundu ulikuwa bado mbichi.