Roboti Aliyeongea Maneno Yangu

"Zima hiyo TV."

"Mke wangu, si ndiyo kwanza imeanza..."

"Nimesema zima!"

Sebuleni wote wakamgeukia nesi, mke wa nyumba hiyo. Mama mkwe alibaki na kikombe hewani. Wifi akakatiza kicheko, mdomo wazi.

Mchana huo walikusanyika kutazama tamthilia mpya ya vichekesho vya anga za juu, aliyoiandika mume wa nesi. Nesi alikuwa amevumilia mengi: chombo cha anga kinachowaka kwa kusukumwa, nahodha anayeogopa giza, mjusi wa sayari ya mbali anayedai likizo. Hakucheka, ila alivumilia. Kisha roboti wa jikoni akainua simu, akapiga kwenye sayari iliyokwisha kulipuka.

"Halo, baba? Leo nimechoka, lakini nimekula."

TV ikaangua vicheko. Hapo ndipo nesi alipoamuru izimwe. Maneno yale yalikuwa yake. Tangu baba yake afariki, kila akitoka zamu aliipigia namba ya baba isiyopokelewa tena, akasema hivyo hivyo. Aliyejua ni mume wake peke yake.

Alichukua mkoba, akaenda kazini mapema. Njiani simu haikutulia kwa meseji za mume.

"Mke wangu, nilibadilisha mhusika, ni roboti tu."

"Kumbe siku hizi naitwa roboti?"

"Pokea basi tuongee."

"Ongea na mjusi wako."

Jioni mume akamfuata, akamkuta kwenye benchi nje ya wodi.

"Vile vicheko sikuviandika mimi. Waliongeza watayarishaji."

"Na ulipovisikia?"

Akaketi kwanza kando yake.

"Nimekuuliza!"

"Nilinyamaza. Niliogopa wataitupa kazi yangu yote."

"Basi usiniambie waliongeza. Sema ulinyamaza. Siri ya moyo wangu inachekwa sebuleni na mama yako, na wewe umekaa unatabasamu!"

"Nilinyamaza. Na kuiandika bila kukuuliza ndilo kosa la kwanza. Nisamehe." Akamwonyesha simu. "Nimewapigia. Nimewaambia waiondoe sehemu ile, la sivyo naacha."

"Wakasemaje?"

"Wataendelea bila mimi."

Nesi akamgeukia. Kazi hiyo mume wake aliihangaikia tangu hawajaoana.

"Umeacha kweli?"

"Nimeacha."

"Ee Mungu, huyu mwanamume! Hukuweza kusema mapema, sasa unakuja kusema maji yamekwisha mwagika!"

"Sasa nifanyeje?"

"Unyamaze. Leo ndiyo siku ya kunyamaza."

Akanyamaza. Wagonjwa wakapita, machela ikapita, mfagiaji akawaomba wanyanyue miguu, wakanyanyua pamoja. Kengele ya wodini ikalia, nesi akasimama.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Natoka asubuhi. Uje unichukue, na usije na hotuba."

Asubuhi alikuwepo getini, nywele timtimu, shati amelivaa nje ndani. Nesi akamtazama, akasonya. Walitembea bila neno hadi mtaani kwao, lakini mume alipomshika mkono, nesi hakuuondoa.