Risasi Nyepesi ya Lowell Haugen

Ndugu zangu wa bondeni, haya niwaambiayo yalitokea katika nyumba mnayoijua wengi wenu, ile ya Lowell Haugen na mkewe Janelle, karibu na daraja. Ilikuwa nyumba yenye amani. Msimu wa kuwinda ukikaribia, jikoni kulinukia mchuzi wa nyama ya elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, iliyobaki ya mwaka uliopita, na mume na mke wakawa wanabishana kwa utani nani mwaka huu atashika bunduki kwanza.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Janelle, aliyopewa na marehemu baba yake, ya zamani, ya kipimo cha .270. Kila msimu ilileta nyama. Lakini Curt, kaka yake Janelle, alikuwa na mdomo.

"Shemeji," alimwambia Lowell mbele ya watu, "hata bunduki unaazima kwa mke? Na akikunyima?"

Watu wakacheka. Lowell naye akacheka, ila kicheko hakikufika moyoni. Wiki hiyo hiyo akarudi nyumbani na bunduki mpya ya magnum, .300, yenye nguvu kuliko ile ya mkewe, na pakiti ya risasi nyepesi zilizosifiwa kwa kasi.

Janelle aliichukua risasi moja, akaigeuza vidoleni. "Lowell, hizi ni za mbweha. Zikigonga mfupa wa elki zinapasuka hapo hapo juu. Tafuta nzito, ngumu, inayoingia ndani mpaka mapafuni."

"Kwa nguvu ya bunduki hii? Hata ukitia kokoto, elki atalala."

"Haya, bwana. Basi angalau ufanye mazoezi."

Alikwenda mazoezini mara moja tu. Ile bunduki ilipiga teke kama punda, na baada ya risasi chache alianza kufumba macho kabla hata ya kuvuta kifyatulio. Akaifunga, akarudi nyumbani. Janelle alipoona bega limevilia damu, Lowell alimwambia amejigonga kwenye mlango wa gari. Angalieni jinsi uongo unavyoanza, wenzangu. Huanza mdogo, wa kuficha maumivu ya bega.

Siku ya kwanza ya msimu walilala kifudifudi ukingoni mwa misonobari, theluji nyembamba chini yao. Jike la elki likatokea uwandani, likasimama limewaelekezea bega.

"Ngoja ageuke," Janelle alinong'ona. "Ngoja atoe ubavu mzima."

Lowell hakungoja. Alikuwa ameshaanza kuliogopa lile teke, na mwenye hofu hutaka jambo liishe upesi. Akafumba macho, akafyatua. Alipoyafumbua, aliona kwenye darubini kitu ambacho hakukisahau tena: mguu wa mbele wa yule mnyama ukining'inia, naye akikimbilia msituni kwa miguu mitatu.

"Umempata?" Janelle aliuliza. Kishindo kilikuwa kimemfanya ainamishe kichwa.

"Nimekosa."

"Una hakika? Mbona nimeona kama anachechemea?"

"Kashtuka na mlio tu. Twende zetu, theluji inakuja."

"Tukatazame basi kama kuna damu."

"Janelle, nimesema nimekosa! Huniamini?"

Alimwamini. Hilo ndilo lililomchoma Lowell njia nzima. Usiku aliacha sahani yake mezani. Kila alipotazama theluji dirishani alijua inafunika damu, na bado akanyamaza. Curt alipompigia simu kuuliza habari, alisema upepo ulikuwa mbaya.

Siku kadhaa zikapita. Kisha jirani yao, Bi Verna Tolliver, akampigia Janelle: kuna elki kwenye uzio unaozunguka majani yake makavu ya mifugo, bega limeoza, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Janelle akachukua .270 yake. Lowell na Curt wakafuatana naye.

Mnyama alikuwa amekonda, kasimama akitetemeka, harufu imesambaa. Janelle alipiga risasi moja, naye akaanguka palepale. Curt akapasua bega kwa kisu. Chini kidogo ya ngozi, juu ya mfupa, kulikuwa na vipande vyembamba vya shaba na madini ya risasi, vimetawanyika. Ndani zaidi hakikuingia kitu.

"Risasi ya mbweha," Curt alisema. "Mwehu gani anampiga elki bega kwa hii? Na kamwacha!"

Bi Verna alitikisa kichwa. "Huyo hana hata aibu."

Lowell alihisi uso ukiwaka moto. Angeweza kunyamaza, maana wawindaji ni wengi. Lakini Janelle alikuwa ameacha kumtazama elki. Alikuwa anamtazama yeye, naye alikwisha kujua.

"Ni mimi," Lowell alisema. "Niliuona mguu umevunjika. Nikasema nimekosa."

Curt, mwenye mdomo, aliinama akafuta kisu chake kwenye theluji. Bi Verna akageuzia uso milimani. Janelle alisema polepole, "Bunduki ningekusamehe, Lowell. Hata risasi. Ungeniambia pale pale tungemfuata, tukammaliza mchana ule ule. Uliitumia imani yangu kwako kumwacha ateseke."

Lowell mwenyewe alimwita askari wa wanyamapori akaeleza yote. Kibali chake cha elki mmoja kwa mwaka kikahesabiwa kimetumika, na nyama karibu yote ikatupwa. Magnum aliiuza. Kiangazi kizima alifanya mazoezi kwa bunduki ya kawaida ya .308, yenye risasi nzito, mpaka macho yakazoea kubaki wazi.

Msimu uliofuata, kabla ya mapambazuko, alimkuta Janelle akifunga viatu.

"Naweza kuja nawe?"

Janelle alikaza kamba za kiatu. "Mwakani, labda," akasema, akatoka kwenda kupanda gari la kaka yake.

FUNZO

Mwenzangu, chagua bunduki ambayo bega lako linaimudu, si ile ya kuwafumba watu midomo. Chagua risasi kwa kufikiria mfupa wa mnyama, si sifa za kwenye pakiti. Na ukikosea, sema wakati damu bado inaonekana juu ya theluji. Mnyama hukulipia kosa lako kwa mwili wake, na nyumba yako hulilipia kwa imani, ambayo hairudi kwa msimu mmoja.