Aliyemchimbia Melkizedeki

Kaka yangu Melkizedeki alikuwa na maneno mengi, na ndiyo yaliyomponza. Nasimulia hivihivi tu, machozi yameshaniishia.

Mfereji wetu wa Nkoaranga ulikauka zamani, yalipokuja mabomba. Mwaka huu tukaamua kuufufua. Kila nyumba ikapewa hatua ishirini za kuchimba. Kaka, kibarua wa shamba la maua huko Usa River, akawa anakwepa kila msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji.

Jumamosi moja tukaufuata mfereji kuukagua, mchana kweupe: mimi, yeye, mkewe Pudensiana na mzee Ezra, mwenyekiti wetu. Tulipofika sehemu ya kaka, tukakuta imeshachimbwa. Kingo zimelainishwa kwa viganja, udongo bado mbichi.

"Kazi ya nani hii?" akauliza mzee Ezra. Hakuna aliyejua.

Kaka akacheka. "Wewe uliyenichimbia, asante sana! Siku yako nitairudisha!"

Huku kwetu ukichimbiwa siku, unarudisha siku. Ila unamwahidi mtu unayemwona. Na juu ya pale mfereji umefukiwa na maporomoko ya enzi za babu, yaliyowafunika wachimbaji sita. Hawajatolewa mpaka leo.

Mzee Ezra akamshika mkono, akanong'ona, "Nyamaza, baba. Hujui unaongea na nani."

"Aah, mzee, acha woga bwana."

Jumatatu hakwenda kazini. Alichukua jembe, akapanda kuufuata mfereji. Pudensiana alimwita. Hakugeuka.

Tulimtafuta siku nne. Tukakuta hatua ishirini mpya, ndani ya maporomoko. Kesho yake, ishirini nyingine. Mtu haonekani. Jembe halisikiki.

Basi ikawa kila siku saa saba wifi yangu Pudensiana anampelekea ndizi za kupika. Anaweka bakuli kwenye kingo, tunasogea mbali. Tukirudi, nusu imeliwa. Nusu imesogezwa upande mmoja, vilevile kaka alivyozoea kumwachia mkewe.

Nilimkataza asikile hicho chakula. Nilimpigia magoti. Wapi!

Jana alikaa palepale, akala, akafuta bakuli kwa kidole. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wifi, kesho usinisubiri. Wale ni sita, kila mmoja anataka siku yake. Peke yake hawezi."

Leo nimepanda mwenyewe. Nimepima mara mbili. Za leo ni hatua arobaini.