Hafiki Chini

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, mimi ndiye ninayefagia uwanja wa nyumba ya kaka yangu Seif, hapa Misugusugu, Kibaha. Uwanja wetu ni wa mchanga laini. Nina tabia ya kuufagia kwa mistari, kuanzia getini hadi kibarazani, nikirudi kinyumenyume ili nisiache hata unyayo wangu. Wifi yangu Firdausi alikuwa akinicheka.

"Zuwena, huko chuo walikufundisha kupima ardhi au kuisuka nywele?"

Nasimulia haya kwa sababu ya mchanga huo. Bila huo, tungesema ni majonzi tu yaliyotuchezea akili.

Firdausi alikuwa mfupi. Kuendesha pikipiki alijua; alijifunzia kwao Masaki, Kisarawe, kwenye pikipiki ya mjomba wake ya kubebea mkaa. Lakini Seif alinunua ile kubwa ya mbio, yenye kiti kilichoinuka nyuma, na Firdausi akiikalia, miguu yake haikufika chini. Ziligusa ncha za vidole tu, kama mtu anayechungulia dirisha la juu.

"Hii umemnunulia twiga?" alimwuliza mumewe.

"Kula ugali urefuke."

"Ishushe, mume wangu. Siku moja nitaanguka nayo."

"Nitaishusha wikiendi."

Wikiendi zikapita. Alhamisi moja, Seif akiwa kazini, Bi Zena, mama yake Firdausi, alipiga simu kuwa anaumwa. Firdausi akatoa pikipiki. Kwenye barabara ya Morogoro foleni ilisimama, naye akasimama pembeni ya lori. Ukingo wa lami pale umeliwa na mvua. Mguu wa kushoto ulitafuta ardhi, haukuipata. Akajaribu wa kulia. Pikipiki ikalalia upande wa kulia, na lori ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuondoka.

Pikipiki ilichubuka tu. Yeye tulimzika kesho yake, hapa hapa Kibaha.

Msibani, Bi Zena hakulia kwa sauti. Alirudia maneno yaleyale. "Mwanangu hajafika. Nilimngoja, na hajafika."

Wageni walipoondoka, asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta pikipiki imeegemea geti. Tulikuwa tumeiacha kibarazani. Kwenye mchanga kulikuwa na alama ya tairi, imeyumbayumba, na kila upande wa alama hiyo kulikuwa na vidole. Vidole tu. Hakuna kisigino. Mtu alikuwa ameikalia na kuisukuma kwa ncha za miguu yake.

Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko dole gumba. Miguu ile niliwahi kuipaka hina.

Nilifagia haraka kabla kaka hajaamka. Kesho yake alama zikarudi. Na keshokutwa. Kila mara ziliishia getini, pale uwanja unapoinama, kama za mtu aliyeshindwa kuigeuza.

Kisha nikamkuta Seif mwenyewe amechuchumaa pale, amevaa msuli. Alikuwa ameweka kiganja chake karibu na vidole vile, bila kuvigusa.

"Anataka kwenda kwao," alinong'ona.

"Kaka, tumwite shehe atusomee."

"Asome nini? Hafiki chini, Zuwena. Basi."

Jumamosi, baada ya alasiri, alitandika gunia uwanjani na kupanga spana zake. Aliinua nyuma ya pikipiki, akafungua vyuma viwili vidogo vinavyoshika shokapu ya nyuma, akafunga virefu zaidi alivyochongewa na jirani yetu Mashaka, fundi wa kuchomelea. Kiti kikashuka. Kisha akalegeza nati zinazobana shokapu za mbele na kuzipandisha kwenye vishikio vyake, ili pua nayo ishuke sawa na nyuma. Mimi nilishika rula. Upande wa kushoto ulipozidi wa kulia kwa milimita mbili, nilimwambia, akarudia. Mwishowe vipimo vikawa sahihi.

Mashaka alikuja na mashine yake kukata stendi ya pembeni, maana pikipiki ikishushwa bila stendi kufupishwa, inasimama wima mno na kuangukia upande wa pili.

"We Seif, mrefu hivyo, utaipandaje hii? Magoti yatakupiga kidevu!"

"Si ya kupanda mimi. Kuna mtu hafiki chini."

Mashaka akacheka. Akatazama mchanga, pale ambapo siku hiyo hatukuwa tumefagia. Akaacha kucheka. Alichomelea haraka na hakungoja chai.

"Kaka," nilimwambia tulipobaki wawili, "ukiishusha, ataondoka."

"Najua."

"Na asipotaka kuondoka peke yake?"

Hilo ndilo nililoliogopa tangu asubuhi ya kwanza. Pikipiki ile ina kiti cha nyuma. Kaka yangu hana mtoto, wazazi wetu walishatangulia, na alikuwa na kila sababu ya kupanda.

Aliendelea kufuta grisi vidoleni, kimoja kimoja.

Nilifunga geti kwa kufuli na kulala na funguo.

Asubuhi nilikimbilia kwanza chumbani kwake. Alikuwa hai. Amelala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikatoka nje.

Pikipiki haikuwepo. Kufuli lilikuwa mahali pake. Mchangani kulikuwa na nyayo.

Nyayo kamili. Kisigino. Wayo. Vidole.

Zilikuwa zimekanyaga imara.

Simu ya Seif ikaita ndani, nikakimbia kuipokea. Ilikuwa sauti ya Bi Zena, chini chini. "Seif, baba, nani kaniletea pikipiki?"

Tuliikuta Masaki imeegeshwa chini ya mkorosho, imeinamia stendi yake vizuri kabisa. Nyayo zilitoka pale hadi mlangoni. Kuku walikuwa wamezivuruga zote isipokuwa unyayo mmoja, wa mwisho, mbele ya kizingiti. Bi Zena alikuwa ameufunika kwa beseni. Alilifunua ili tuone. Vidole vilielekea ndani. Nikaupiga picha kwa simu. Ndivyo nilivyo, napenda kuwa na uhakika.

"Mwanangu amefika," alisema.

Seif akapiga magoti na kulia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia msibani.

Tangu hapo uwanja wetu unaamka kama nilivyouacha. Mistari mitupu. Kila alfajiri kaka hutoka kuutazama, husimama kibarazani na kikombe cha chai mpaka kinapoa.

"Sikujua itauma hivi," aliniambia. "Nilikuwa naamka namkuta amehangaika. Sasa hata hilo sina."

Mwezi uliopita nilimpelekea Bi Zena sukari na unga. Nilimkuta amenawiri, anacheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Msalimie mwenzio hapo, mimi naweka chai." Akaenda jikoni, uani.

Beseni lilikuwa palepale. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mchanga wote ulikuwa umelowa. Nilipolifunua, unyayo ulikuwa mkavu. Hakuna hata chembe iliyobomoka.

Nikatoa simu. Nikatazama picha. Nikatazama chini. Nikatazama tena picha.

Kisigino sasa kilikuwa upande wa mlango. Vidole vilielekea barabarani, njia ya kuja kwetu.

"Yupo?" Bi Zena aliuliza kutoka jikoni.

"Yupo, mama."

Nikarudisha beseni taratibu. Kisha nikatafuta tofali, nikaliweka juu yake.