Sahani Iliyorudi Imejaa

Siku Lydie alipokutana na Mukuka alikuwa amekasirika kweli kweli, na aliyemkasirisha ni pakiti ya tambi.

Ilikuwa Jumamosi, soko la mtaa wa Kenya, saa ile ambayo ukidondosha kitu huwezi hata kuinama kukiokota. Lydie alikuwa amejipamba: kikwembe cha njano chenye maua ya buluu, nywele zimesukwa jana yake, na viatu ambavyo matope ya Novemba yalikuwa yameshaviharibu. Wiki iliyopita alinunua hapo tambi za Kichina akidhani ni spageti tu, akazichemsha robo saa kama alivyozoea, zikawa uji. Sasa amerudi na pakiti ya pili mkononi, anataka haki yake.

“Mama, hii bintu yako haiko nouilles. Iko bouillie!”

“Bouillie uliipika wee mwenyewe,” muuzaji akajibu, macho kwenye simu.

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa amesimama nyuma yake: kijana mrefu, gilet ya machungwa, ile fulana ya kazi, begani, buti za mgodini, meno meupe.

“Dada, uliiacha mu maji dakika ngapi?”

“Na wee njo nani?”

“Mi ni muntu anakulaka hii kintu kila siku ku kazi. Dakika tatu, dada. Tatu! Kisha unaimwangia maji ya baridi, unaiweka pembeni, unaanza na mboga.”

“Tangu lini mwanaume anajua kupika?”

“Mwanaume anajua kula. Kupika niliangaliaka tu.”

Alikuwa fundi umeme kwenye mgodi mmoja upande wa Kinsevere, na mpishi wa kambi ndiye aliyemfungua macho. Kabla hawajaachana pale sokoni alikuwa ameshamchagulia Lydie karoti, kabichi na chupa ndogo ya sosi ya soya, na namba ya simu ilikuwa imeshahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nani aliiomba kwanza? Kila mmoja atakwambia ni mwenzake.

Basi Jumatano ikawa yao. Jumatano ndiyo siku Mukuka aliyokuwa akiteremka kutoka kambini kwa mapumziko, na Lydie alikuwa anapanga nyumba ndogo ya uani kule Kamalondo, chumba na nusu, mbabula ya makaa nje ya mlango. Akitoka kazini, kwenye kisekretaria cha kupigia watu barua na fotokopi, miguu inamuuma, hakutaka kusonga bukari wala kungoja maharage. Tambi zilikuwa jibu. Karai linapata moto mpaka mafuta yanatetemeka. Kitunguu kinaingia, karoti nyembamba kama njiti, kabichi, poivron, yaani pilipili hoho. Mboga zisikae, zibaki zinalia chini ya jino. Tambi mwisho, soya vijiko viwili, koroga, epua. Nusu saa haifiki.

Mukuka alikuwa anakula sahani tatu.

“Chérie, ukiendelea hivi, casque ya kichwa njo itabaki inanienea, suruali hapana.”

“Acha basi.”

“Niache? Uniue kwanza.”

Na kula kwake kulikuwa na sauti, na kufunga macho, na kuguna. Jamani, kuna mwanamke asiyempenda mtu anayekula chakula chake hivyo? Lydie alipenda. Kufika Februari alikuwa ameshazama mpaka kichwani.

Mwezi wa tatu mama yake, Mama Marceline, alikuja kutoka Mitwaba kutibiwa goti, akahamia kwa binti yake. Wiki hiyo hiyo chupa ya soya ilikwisha. Mama aliinusa ile tupu, akakunja uso.

“Maji meusi haya mulikuwa munakula, ni mafuta ya motokari?”

Lydie akacheka, akabadilisha mapishi. Badala ya kabichi akatia lengalenga, kwa vile Mama huona chakula bila majani si chakula. Badala ya soya akatwanga karanga, akaziyeyusha kwa maji ya moto, chumvi, pilipili kidogo. Alionja. Jamani! Akaona mpishi wa kambi sasa ndiye aje kujifunza kwake.

Mukuka alifika jioni. Alipomwona mama mlangoni, akainamisha kichwa, akapiga makofi mawili matatu taratibu ya kusalimu, akavuta kiti mpaka karibu na ukuta wa uani, mbali. Lydie akampelekea sahani inayotoa moshi.

“Aksanti, chérie. Nilisha kula.”

“Ulikula wapi?”

“Ku kazi.”

Sahani ikarudi imejaa. Lydie aliitazama kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Ni lengalenga? Ni karanga?

Jumatano iliyofuata alitafuta soya mji mzima, akapika vilevile kama zamani. Mukuka akasema tumbo halijatulia. Jumatano ya tatu akatia yai. Hapana. Ya nne akakaanga ndakala, vile visamaki vidogo, mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika, akawamwaga juu. Harufu ikawaleta majirani wawili kuuliza kuna sherehe gani. Mukuka akameza mate, Lydie akaliona kabisa koromeo lake likipanda na kushuka, halafu akasema: “Nimeshiba, Lydie. Usikasirike.”

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Mtu ameshiba, mate anamezea nini? Hataki chakula chake, lakini anakuja kila Jumatano bila kukosa, na safari hii amemletea hereni. Simuni bado ni yule yule: “Umelala muzuri? Umeniota?” Akifika, anakwenda kukaa ukutani kama mshitakiwa, haingii ndani, hamtazami Mama usoni, na akiulizwa kitu na Mama anajibu akimtazama Lydie. Kichwa cha msichana wa watu kikawa sufuria lisilo na mfuniko.

Mama Marceline, yeye, hakuchanganyikiwa hata kidogo.

“Muntu anakataa chakula mu nyumba yako, anakuambia nini? Anakuambia wee uko mulozi. Anaogopa nitamutilia sumu!”

“Mama, haiko vile.”

“Iko namna gani basi? Nieleze.”

Lydie akakusanya vyombo. Usiku huo alimpigia.

“Mukuka, juu ya nini haukulake kwangu?”

“Lydie, ile kintu haitokake mu kinywa yangu. Ngojea kidogo. Mujomba yangu Casimir akimaliza kuvuna mahindi kule kwetu Sakania…”

“Mahindi? Mi nakuuliza juu ya nouilles, wee unaniambia mahindi?”

“Ngojea tu, chérie.”

Hebu fikiria wewe mwenyewe. Neno gani hilo la mapenzi lisiloweza kutoka kinywani mpaka mahindi yavunwe?

Jibu alidhani amelipata Jumatano moja ya mwezi wa tano. Alitumwa na bosi wake kupeleka karatasi upande wa stendi ya mabasi, saa kumi jioni, akapita mbele ya kibanda cha chakula chenye pazia la kijani. Ndani, gilet ya machungwa. Mukuka ameinamia sahani, anakula tambi. Tambi! Amefunga macho. Na mwanamke mnene mwenye kitambaa cha zambarau kichwani anamwongezea kwa mwiko, anacheka, anampiga begani.

Lydie hakuingia. Alisimama mpaka mtu wa mkokoteni akampigia kelele apishe njia. Jioni ile Mukuka akaja, akakaa ukutani, akasema amekula kazini.

“Aliniongopea, Mama,” Lydie akalia baada ya kijana kuondoka. “Usoni mwangu!”

“Basi imeisha. Ile mercredi yenu inayokuja akule hapa, mbele ya macho yangu, ao asikanyage tena. Mi sitakaa mu nyumba na muntu ananiita mulozi.”

Lydie akapiga simu. “Mercredi utakula. Kama haukuli, usirudi tena. Nimemaliza.”

“Lydie, tafadhali…”

“Nimemaliza!” Akakata. Akalia mpaka mto ukalowa, kwa kuwa hakuwa amemaliza hata kidogo. Alimtaka mtu yule kwa roho yake yote, na alijua sahani moja ya tambi ndiyo itakayomwambia kama naye anatakwa.

Jumanne, uvumilivu ukamshinda. Akavaa gauni lake jekundu la kanisani, akapaka wanja, akaenda kwenye kibanda chenye pazia la kijani kumwona huyo mwizi wa bwana. Akaagiza alichokula Mukuka. Tambi zikaja: zimelainika kupita kiasi, karoti mbichi, chumvi kama bahari. Kumbe ameachwa kwa ajili ya hizi?

“Mama, wee njo bibi ya Mukuka? Alikuoa?” akauliza.

Mwanamke wa kitambaa cha zambarau alicheka mpaka akashika meza. Jina lake Simone, wa huko huko Sakania, ana wajukuu wanne.

“Mi? Yule mutoto? Eh Yezu! Wee njo Lydie! Njo wee unamuua na njala!”

“Mi? Nampikia kila mercredi! Njo yeye anakataa!”

“Mama yako iko anakaa kwako?”

“Tangu mwezi ya tatu.”

“Na anakataa tangu lini?”

Lydie akahesabu Jumatano kwenye vidole, akakwama kwenye wiki aliyofika mama yake.

Simone akavuta kiti. “Sikia, binti. Kwetu Babemba, kijana akipenda musichana wa kuoa, hakulake tena mbele ya mama ya ule musichana. Ni haya, ni heshima. Atangoja mpaka bamuonyeshe moto: banamama ya upande yenu banapika bintu yote, banamupelekea kwao, anakula. Kisha ile siku njo atakula kwenu.”

“Lakini hakuniambia! Hajaomba kuoa ata!”

“Ataomba namna gani na kinywa yake? Ile maneno iko na mwenyewe, shibukombe, muntu ya kutumwa. Njo mujomba Casimir. Mukuka anamungojea.” Akamtazama, akalainika. “Ulizania anakukataa? Kila mercredi anapita hapa na njala ya simba, juu anajua akifika kwako ile harufu itamumaliza. Angekuwa anakuchezea, binti, angekula na sufuria.”

Lydie alicheka, akalia, wanja ukamwagika, akamwachia Simone tambi zake mbovu. Njiani hakujua kama ana furaha au hasira. Furaha, ndiyo. Lakini miezi mitatu! Miezi mitatu anakata karoti na machozi, na mtu yuko pale ukutani, anaoa kimya kimya!

Alipomweleza Mama, Mama Marceline alivuta kigoda, akaketi.

“Zamani sana, mukini, kule kijiji, babu zetu pia walikuwa na mambo ya haya na bakwe,” akasema. “Sisi batoto ya reli na ya kanisa tuliacha. Baba yako siku ya kwanza alikula kuku ya mama yangu, akatafuna na mifupa.” Akasugua goti lake. “Nilizania kijana muzuri ananiita mulozi. Mungu anisamehe. Lakini angesema!”

“Njo mi pia ninataka, Mama. Aseme.”

Jumatano jua lilikuwa linazama nyuma ya paa za bati. Lydie alipika kwa mikono yake yote: tambi dakika tatu, lengalenga, karoti njiti, karanga, na soya kijiko kimoja tu ili mapishi yote mawili yaonane. Alivaa kile kikwembe cha njano kwa kuwa ndicho kilichokuwa safi.

Mukuka akaingia uani. Hakuwa na gilet. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, uso umekonda. Akapiga makofi yake, akakaa ukutani. Lydie akaleta sahani. Safari hii mkono ukanyooshwa kuipokea.

“Lete. Nitakula.”

“Utakula?”

“Nimefikiri wiki nzima. Mujomba atakasirika, akasirike. Bakubwa watanicheka, bacheke. Kukosa wee, Lydie, siwezi.” Akashika uma.

Lydie akaivuta sahani.

“Usikule.”

“Ulisema nisipokula nisirudi!”

“Nilisema mingi. Niambie kwanza. Na kinywa yako, haiko ya mujomba. Juu ya nini haukulake kwetu?”

Mukuka akatazama mlango ambako kivuli cha Mama kilikuwa kimesimama, akateremsha macho haraka.

“Mugeni njo anakulaka,” akasema polepole. “Mugeni anakuja, anakula, anasema aksanti, anaenda. Mi, tangu mama yako alifika, sikutaka tena kuwa mugeni yenu. Njo ile tu.”

Machozi yakamjaa Lydie. Akavuta kreti la bia, akaketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Akaweka sahani mapajani. Akachukua uma kutoka mkononi mwa Mukuka, akazungusha tambi, akala.

Akala tena. Karanga, majani, karoti. Mukuka anamtazama, haelewi. Amekuja kuvunja mila ya kwao, na mwanamke anamlia chakula usoni. Tumbo lake likanguruma, likasikika mpaka kwa jirani. Lydie akatafuna, machozi yanashuka, anatabasamu, anaendelea. Ilikuwa kwenye tonge la nne au la tano ndipo Mukuka alipoinuka nusu kutoka kitini.

“Lydie. Ulijua? Hii… hii njo ndiyo?”

Lydie, mdomo umejaa, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Mukuka akaufunika uso kwa mikono miwili, mabega yakicheka au yakilia, haikujulikana.

“Lydie!” Mama Marceline akaita kutoka ndani, huruma imemshinda. “Mutoto ya benyewe iko na njala! Muachie ata kiloko!”

“Hapana, Mama,” Lydie akasema, akikwangua sahani. “Huyu hakulake hapa.”