Kifuniko cha Mkebe wa Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule nilipita bondeni kumwagilia mboga zetu. Udongo wa huko ni mweusi na laini kama unga. Tangu Mjomba achimbe mfereji wa kutoa maji, udongo huo ulikuwa ukishuka chini. Nguzo za uzio zilizidi kurefuka mwaka hadi mwaka, kana kwamba zinaota.

Wiki ile mtafiti mmoja alikuja kwa ombi la Mama, aliyetaka kujua kwa nini shamba linashuka, akachomeka mikebe mitatu ardhini na kuifunika kabisa. Tukambatiza Bi Mikebe.

"Anafyonza rutuba huyo," Mjomba alisema. "Akishajaza, anakwenda kuiuza. Nitaing'oa yote."

"Kaka, wewe hata jua likichelewa utasema limeibwa," Mama alimjibu.

Mimi sikucheka. Kwa nini kitu kisicho na siri kifungwe hivyo? Asubuhi iliyofuata nilitazama huku na huku, nikafungua kifuniko cha mkebe wa tatu. Ndani hamkuwa na kitu! Nikanusa: harufu ya udongo tu. Nikakirudisha, nikakimbia shule.

Niliporudi mchana, Bi Mikebe alikuwa amepiga magoti shambani.

"Alama niliyoichora kwenye kifuniko hiki ilielekea mtoni," alisema. "Sasa inaelekea njiani. Nani amekigusa?"

Mama alimgeukia Mjomba. "Wewe ndiye uliyesema utaing'oa."

"Nilisema! Nimefanya?" Mjomba alifoka. "Dada, unaniona mwongo mbele ya mgeni?"

"Kama hamnitaki, nitaondoka leo," Bi Mikebe alisema, akaanza kufungasha vifaa.

Mama akashika kichwa. Angeondoka, tusingejua kama shamba letu linaisha. Na Mjomba alikuwa ananitazama mimi.

"Ni mimi, Mama," nilisema. "Nilidhani anatuibia."

Bi Mikebe akaweka begi chini. Hakunigombeza.

"Udongo hutoa gesi, kama wewe unavyopumua," alisema. "Mimi huondoa kwanza hewa ya nje, kisha naikusanya hiyo gesi na kuipeleka maabara. Ndani yake kuna kaboni ya aina moja ambayo hupungua polepole, miaka na miaka. Wakiipima, wanajua kama gesi imetoka kwenye majani yaliyooza juzi au kwenye udongo wa kale unaoanza kuisha. Ulipofungua, hewa ya leo iliingia. Gesi ya kale ingeonekana mpya, tungepata jibu la uongo, nanyi mngedhani shamba ni zima."

"Kwa hiyo huibi?" Mjomba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwizi gani huyu anayeacha mikebe yake?" Mama akasema, na sote tukacheka, Mjomba wa mwisho.

Mkebe ule ukapimwa upya. Baada ya miezi miwili majibu yalikuja: sehemu kubwa ya gesi ilitoka kwenye udongo wa miaka mingi mno, uliokuwa umehifadhiwa na maji. Mfereji ulikuwa umeukausha, nao udongo huo ukawa unaoza na kupotelea hewani.

Siku hiyohiyo Mjomba alichukua koleo akaanza kuuziba mfereji wake. Nilimsaidia kubeba mawe.

"Mwanangu," aliniambia huku akifuta jasho, "sote wawili tulimshuku Bi Mikebe, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Mwizi tuliyemtafuta nilimchimba kwa mikono yangu. Siku nyingine ukiwa na shaka na mtu, mfuate umuulize. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema siku ile."