Mizani ya Zawadi

Mbwa wa chuma alisimama juu ya sahani ya mizani, akatikisa mkia, akabweka mara mbili kwa adabu. Sahani ilikuwa pana kama ungo, lakini haikupima uzito. Mwanga wa buluu ulipita chini ya tumbo la mbwa, ukapanda mgongoni, ukazimika. Kwenye kioo yakatokea maandishi: siku tisa.

"Siku tisa!" Bwana Mwang'ombe, aliyekuja kumtafutia mjukuu wake zawadi, aliigeukia foleni nyuma yake. Ilikuwa tarehe kumi na nne Desemba. "Jamani, hata jogoo wangu wa Krismasi amebakiza siku kumi na moja!"

Watu wakacheka. Righa Mwakio, fundi wa mizani, akamshusha mbwa taratibu.

"Mizani inasema ilichokiona, mzee."

"Imekiona wapi? Mjukuu wangu haijawahi kumwona."

"Imewaona watoto laki tatu wa umri wake."

"Na wote walimwacha mbwa?"

"Wengi. Mbwa anacheza peke yake. Mtoto anamtazama mpaka anachoka."

Bwana Mwang'ombe alimtazama mbwa kwa huruma kidogo, kisha akaenda kumrudisha kwenye rafu.

Mizani ile ilizaliwa kutokana na jaa. Zamani, nje ya jiji la Voi, palikuwa na kilima cha vikaragosi vilivyovunjika na magari yasiyo na magurudumu, na kila Januari kilima hicho kiliongezeka. Jiji likakata shauri: kila kitu cha mtoto kitiwe shanga sikivu, yaani chembe ndogo kama punje ya mtama, inayoutambua mkono wa mtoto mwenyewe na kuhesabu kila anapokigusa. Hata vitu vya nyumbani ambavyo wazazi waliwaachia watoto vilitiwa shanga, kwa hiari yao. Kwa miaka thelathini akili unde ya jiji ilikusanya hesabu hizo. Sasa iliweza kukadiria: kitu hiki, kwa mtoto wa umri huu, kitashikwa muda gani kabla ya kusahauliwa. Kilima kilikuwa kimekwisha. Mahali pake palioteshwa mkonge.

Righa aliiheshimu mashine hii kwa sababu haikumbembeleza mtu. Vipimo alikuwa amejifunza mwenyewe, kutoka katika vitabu vya mafundi vilivyotupwa, akifungua na kufunga vifaa hadi akavielewa. Pengine ndiyo sababu aliisoma mara tatu barua iliyofika wiki iliyopita. Alikuwa amechaguliwa kwenda Mwezini kutunza mitambo ya kutafuta maji. Kazi ya miaka sita, bila likizo. Jibu lilitakiwa tarehe ishirini.

Mkewe, Mghoi, aliyekuwa muuguzi, alimwambia, "Nenda. Sitaki uje unilaumu uzeeni."

Kwa hiyo lilibaki jambo moja. Binti yao Wakesho alikuwa na miaka minne. Righa alitaka kumwachia zawadi ya Krismasi ambayo angeishika miaka yote sita, imshikie baba yake nafasi. Akiipata, angeenda kwa amani.

Saa ya chakula cha mchana, duka lilipopoa, aliweka zawadi zake kwenye sahani. Vipande vya mbao vya kujengea: miaka miwili na miezi mitatu. Ng'ombe aliyesukwa kwa mkonge: mwaka mmoja na nusu. Ngoma ndogo: miezi saba.

Si mbaya, aliwaza, lakini haitoshi. Ndipo alipoona kosa lake. Mizani huuliza maswali kabla ya kupima, na swali la mwisho ni kuhusu mtoaji. Kwa mazoea ya fundi anayejaribu mashine, alikuwa amejibu: baba, yuko nyumbani. Akafuta, akajibu kweli: baba, yuko mbali, miaka sita.

Akavirudisha vile vipande vya mbao kwenye sahani.

Miaka kumi na tisa.

Righa alifuta sahani kwa kitambaa, akapima tena. Kumi na tisa. Ng'ombe wa mkonge: ishirini na miwili. Ngoma: kumi na saba. Akatazama huku na huku, akachukua kifuniko cha chupa yake ya chai, chenye ufa na doa la majani, akakiweka.

Miaka kumi na minane.

Alikwenda moja kwa moja ghorofani kwa Mama Saru, mtunza kumbukumbu, aliyekuwa akimalizia ugali wake.

"Mama Saru, mizani imeugua."

"Umeilisha nini?"

"Kifuniko cha chai."

"Hata mimi ningeugua." Alinawa mikono. "Imesema nini?"

Righa akamweleza. Mama Saru hakufanya mzaha tena. Aliuamsha ukuta wa kumbukumbu, akaiuliza akili unde ilikoitoa hesabu hiyo. Mistari ikaanza kushuka ukutani, naye akaisoma kwa sauti.

"Kitana kilichong'oka meno matatu. Mtoto wa kiume, miaka minne. Mtoaji ni mama, yuko kazini ng'ambo. Kinaguswa mara ishirini kwa siku. Miaka kumi na sita, na bado." Akashuka. "Soksi moja. Mtoto wa kike, miaka mitano. Mtoaji ni baba, yuko mbali. Miaka ishirini na moja, na bado."

"Soksi moja?"

"Moja. Inaguswa zaidi wakati wa kulala."

Righa alivuta kiti. "Hao watoaji walirudi?"

"Hawa hawakurudi. Wengine walichelewa sana."

Righa aliisoma mistari yote miwili tena, yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," Righa alisema.

"Ni nzima kabisa, baba. Sisi ndio tuliouliza nusu ya swali. Tulihesabu mikono inashika kwa muda gani. Hatukuuliza inashika kwa nini." Alikunja kitambaa chake. "Na kila Desemba tunawaambia wazazi, namba kubwa ndiyo zawadi njema."

Mtu mwingine angeondoka hapo. Righa alikuwa na tabia ya kutofunga kifaa kabla ya kutazama upande wa pili.

"Zipo zilizokoma? Mtoaji yuko mbali, lakini hesabu ikasimama?"

Mama Saru akatafuta. Zilitokea arobaini.

"Gari la kopo. Baba yuko mbali. Liliguswa kila siku kwa miaka mitatu na siku nane. Halafu sifuri."

"Lilipotea?"

"Halikupotea. Shanga inaonyesha liko mlangoni, kwa ndani." Aliinamia ukuta. "Siku hiyo hiyo baba aliandikishwa kurudi mjini."

Wakasoma zote arobaini. Thelathini na saba zilikuwa hivyo hivyo: kikombe, mkanda, kofia, vyote viliachwa siku ya kurudi, na havikuguswa tena.

"Walivitupa?" Righa aliuliza.

"Waliviweka chini tu," alisema Mama Saru. "Mikono ilikuwa imejaa."

Jioni, nyumbani, Righa alimkuta Wakesho amekaa kwenye karai akiogeshwa na mama yake.

"Baba, Mwezini ni mbali kuliko kwa nyanya, kule Wundanyi?"

"Mbali zaidi."

"Kuna choo?"

"Kipo."

"Utakuwa unarudi kula?"

"Sitarudi kula. Nitarudi ukiwa na miaka kumi."

"Nani akiwa na kumi?"

"Wewe."

Wakesho alicheka mpaka maji yakamwagika. "Mimi niko na minne! Mama, baba hajui!"

Mghoi alimsuuza mgongo. Baadaye, mtoto alipokwenda kuvaa, Righa akamsimulia habari ya kitana na soksi.

"Mimi nilisema nenda, na bado nasema," Mghoi alijibu. "Ukibaki, usibaki kwa ajili ya mashine."

"Sibaki kwa ajili ya mashine."

"Basi umeshaamua?"

Righa alitazama maji ya karai, yenye povu. "Nilikuwa natafuta kitu cha kumfanya asinisahau," alisema polepole. "Nimekipata. Kitu chochote kingefaa. Hilo ndilo linalonitisha."

Tarehe ishirini aliandika barua fupi ya kukataa. Nafasi yake ilipewa msichana wa Taveta, na Righa alikaa naye siku nzima akimfundisha skrubu ipi ya mtambo hulegea kwenye baridi kali. Alifundisha vizuri. Alipomuaga aliionea wivu safari yake, na hakujidanganya kwamba wivu huo ungekwisha kesho. Kwa upande wa mizani, yeye na Mama Saru waliiandikia halmashauri wakiomba kila namba iambatane na sababu yake. Halmashauri ilisema italijadili.

Krismasi walipanda milimani Wundanyi kwa nyanya, mama yake Mghoi. Baada ya ibada na pilau, Wakesho akafungua vipande vya mbao, ambavyo Righa alikuwa amevipiga msasa mwenyewe, kingo zote. Alijenga zizi, akalibomoa, akajenga kanisa. Kisha akasimama, akavuka kanisa, akamwendea baba yake.

"Twende mtoni."

"Na kanisa lako?"

"Twende."

Nyanya, akikusanya vipande vilivyotapakaa uani, alitikisa kichwa. "Righa, kazi yote ile! Mtoto hata saa moja hajaimaliza."

"Ndiyo, mama," alisema Righa, na mkwewe hakuelewa kwa nini aliitikia kwa furaha namna ile. Righa hakupata nafasi ya kumweleza. Wakesho alikuwa amekwisha kumkamata kidole, kwa mikono yote miwili, na njia ya mtoni ilikuwa na utelezi.